Memori kadi ya redio ya pikipiki: chukua GB 32, usikubali kuongezewa

Ujumbe ninaoletewa kuhusu muziki wa pikipiki unafanana mno, ningeweza kuujibu kabla sijaumaliza kuusoma. Mtu ana redio yake kwenye usukani, kadi ya GB 8 imemjaa, akaamua safari hii asibanane tena: kachukua ya GB 128. Anaichomeka, taa inapepesa, kioo kinaonyesha sifuri nne, kimya. Anaichomoa, anaipuliza, anairudisha. Kimya. Akiitia kwenye simu, nyimbo zote zipo na zinapiga vizuri. Muuza kadi anamwambia redio yako mbovu. Muuza redio anamwambia kadi yako feki. Mara nyingi redio ni nzima na kadi ni nzima, ila havielewani, na wauzaji wote wawili hawajui kwa nini.

Kwa hiyo sipangi kadi hapa kwa kasi wala kwa wingi wa GB. Kasi tuimalize sasa hivi. Wimbo wa MP3 uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, kilobiti 320 kwa sekunde, unahitaji kilobaiti 40 tu kila sekunde, maana biti nane ni baiti moja. Kadi ya daraja la 2, ambalo ndilo la chini kabisa, inaahidi kuandika megabaiti 2 kwa sekunde, mara 50 ya hitaji hilo. Alama za kasi za U3, V30 na A2 ni za kamera na simu. Ukizilipia kwa ajili ya redio ya pikipiki, umemchangia tu muuzaji.

Herufi mbili ambazo hakuna anayezisoma

Isogeze kadi karibu na macho. Mbali na namba kubwa ya GB kuna nembo ya SD, na kando yake herufi mbili ndogo, HC au XC. Watu wanasoma namba, herufi wanaziruka. Mimi nasoma herufi kwanza.

Kadi za mwanzo za SD ziliishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja za SDHC, zinazozidi GB 2 hadi GB 32. Mwaka 2009 zikafuata SDXC, zinazozidi GB 32 hadi TB 2. Tofauti haikuwa ukubwa peke yake. Kila kundi lilikuja na namna yake ya kupanga mafaili: za GB 2 kwenda chini hutumia FAT16, za HC hutumia FAT32, na za XC hutoka kiwandani na exFAT. Hiyo exFAT ni ya Microsoft, na kwa miaka mingi mtengenezaji wa kifaa alitakiwa kuilipia leseni. Microsoft iliweka maelezo yake hadharani mwaka 2019. Mtengenezaji wa redio ya bei chee, anayehesabu hadi senti ya mwisho kwenye kila chipu, hana haja ya kujitwisha gharama hiyo. Ndiyo maana redio nyingi za pikipiki zinasoma FAT32 na mipangilio iliyoitangulia, basi. Ukiichomekea kadi ya exFAT haioni nyimbo, inaona kitu kisichoeleweka, inakuonyesha sifuri zake.

Boksi la redio halikuambii haya. Boksi limeandikwa kwa herufi za kung'aa "TF CARD", jina la zamani la kadi ndogo ya SD, na mchoro wa noti za muziki. Likiandika "hadi GB 32", liamini. Likiandika "hadi GB 128", muulize muuzaji kama aliwahi kuijaribu, kisha mtazame usoni anavyojibu.

Kuna na redio kuukuu kabisa zilizotengenezwa kwa ajili ya SD ya kwanza. Hizo hata kadi ya HC ya GB 4 haziisomi, na kufomati, yaani kuifuta kadi na kuipangia mafaili upya, hakusaidii, kwa sababu tatizo liko kwenye namna redio inavyohesabu mahali pa kusoma ndani ya kadi. Hapo ni kutafuta kadi ya GB 2 au kubadili redio.

Kabla hujanunua nyingine, jua ugonjwa wako

Matatizo matatu yanafanana kwa nje, na watu wanayatibu yote kwa kununua kadi kubwa zaidi, jambo ambalo huyazidisha.

La kwanza ni hilo la redio kutoiona kadi kabisa wakati simu inaiona. Hilo ni la mpangilio wa mafaili, na dawa yake ni FAT32.

La pili: redio inapiga vizuri, ila ikifika wimbo fulani inarudi mwanzo, na zile ulizoongeza mwezi huu huzisikii kamwe. Kadi haina kosa. Redio ina kikomo cha idadi ya mafaili, na utazikuta zinazoishia 999. Ukiipa kadi yenye nyimbo elfu nne, itachukua sehemu yake na nyingine itaziacha kama hazipo. Wenye kadi za GB 2 wana balaa lao la ziada. Katika FAT16, sehemu ya nje ya kadi, kabla hujaingia kwenye folda yoyote, ina nafasi 512 tu za majina. Jina refu linakula nafasi zaidi ya moja: jina lenye herufi 60, lile la wimbo, msanii, aliyeshirikishwa na anwani ya tovuti ulikopakua, linakula nafasi sita. Nyimbo kama 85 za namna hiyo na kadi inakwambia imejaa, huku nusu yake na zaidi ni tupu. Weka nyimbo ndani ya folda na ufupishe majina, tatizo linaisha bila kununua chochote.

La tatu ndilo linaloniudhi: nyimbo za mwanzo zinapiga, zinazofuata zinakwaruza, zinaruka au zinaonyesha dakika sifuri. Hapo nashuku kadi feki. Nitalirudia.

Sasa orodha

Nasema wazi: mimi ni shabiki wa kadi za kampuni ya Kingston, na mwenye kutaka mwongozo usio na upande atafute kwingine.

Namba moja ni Kingston Canvas Select Plus ya GB 32. Ni kadi ya kawaida, haina mbwembwe, ni HC, inatoka kiwandani ikiwa FAT32. Unaitoa kwenye pakiti, unajaza nyimbo, unachomeka, inapiga. Watu wananiambia GB 32 ni ndogo. Tupige hesabu. Kwa nyimbo za kilobiti 320, GB 32 ni saa 222 za muziki, zaidi ya siku tisa mfululizo bila kuzima. Kwa kilobiti 128, ambazo juu ya pikipiki yenye upepo na mngurumo wa injini sidhani kama utazitofautisha, ni zaidi ya saa 550. Wimbo wa dakika nne kwa kiwango hicho hauzidi MB 4, kwa hiyo nyimbo elfu nane zinaenea. Nani anazisikiliza zote? Na kompyuta ikikuonyesha 29.8 badala ya 32 usianze ugomvi dukani: kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Namba mbili ni Kingston Industrial, ya GB 8, 16 au 32. Imetengenezwa kwa ajili ya mashine, inavumilia kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 85 za Selsiasi. Kadi za kawaida nazo kwa kawaida hutajwa kufika nyuzi 85, kwa hiyo jua pekee si sababu ya kuikimbilia. Ila kwa pikipiki inayoshinda kazini, inayotikisika mchana kutwa, hii ndiyo ningeichomeka na kuisahau. Bei yake inauma. Kwa pesa ya moja ungepata kadi za kawaida kadhaa, na ndicho kilichoiangusha hadi namba mbili.

Namba tatu, SanDisk Ultra ya GB 32. Kadi nzuri, sina neno nayo. Shida yake ni umaarufu: jina linalouzika ndilo linaloigizwa, na pakiti nyekundu na kijivu inachapishwa na kila mwenye mashine ya kuchapa. Ukiwa na muuzaji unayemwamini, ipandishe uiweke sambamba na namba moja. Kama huna, baki na yangu.

Namba nne ni GB 64 ya kampuni yoyote kubwa, kwa masharti. Kadi ya XC ikifomatiwa upya kuwa FAT32, redio nyingi zinazosoma kadi za HC zinaisoma, kwa sababu namna ya kuzungumza na kadi ni ile ile. Kazi ni kuifomati. Dirisha la kufomati la Windows kwa miaka mingi limekataa kutoa FAT32 kwa kadi inayozidi GB 32, linakupa exFAT na NTFS tu, mpangilio mwingine wa Microsoft. Programu rasmi ya Chama cha SD, wanaoweka kanuni za kadi hizi, nayo haitakusaidia hapa: inafuata kanuni, kadi ya GB 64 itairudisha kwenye exFAT. Simu mara nyingi hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo ukimaliza kuhangaika na kompyuta usije ukaifomati tena kwenye simu. Tumia programu ya Rufus, inayotoa FAT32 kwenye kadi kubwa, na kumbuka kufomati kunafuta kila kitu.

Hata ikikubali, kuna gharama nyingine ambayo wanaosifu kadi kubwa hawaitaji. Redio ya pikipiki mara nyingi inapata umeme kupitia swichi. Ukizima injini, imekufa. Ukiwasha, inaanza upya kuipitia kadi, folda kwa folda. Kadi yenye mafaili mengi na folda ndani ya folda inakuweka ukiitazama taa ikipepesa. Gari linawashwa asubuhi na jioni. Pikipiki inazimwa na kuwashwa siku nzima. Kwa hiyo hata kwenye GB 32, mimi siweki zaidi ya folda chache, na folda moja haiingii ndani ya nyingine.

Kadi za kurekodia kamera za usalama, kama SanDisk High Endurance na Samsung PRO Endurance, sizipi namba. Ubora wake ni kuvumilia kuandikwa usiku na mchana, na redio yako haiandiki, inasoma tu. Flashi ya USB inafanya kazi, ila imetokeza nje na kila shimo la barabara linaitikisa tunduni. Kama redio yako ina tundu kubwa la SD, nunua SD kubwa yenyewe badala ya ndogo ndani ya adapta. Adapta ni viungo vya ziada vya kulegea. Kadi zisizo na jina: hapana.

Jambo dogo ambalo nalijibu kila mara: redio nyingi za aina hii hazipangi nyimbo kwa alfabeti, zinapiga kwa mpangilio zilivyonakiliwa. Ukitaka albamu ifuatane, nakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu yake. Na mkinakili kwa kompyuta ya Mac, futeni yale mafaili yaliyofichika yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Redio inayaona ni nyimbo, inajaribu kuyapiga, inakwama.

Na sasa wauzaji

Kadi iliyoandikwa TB 1 kwa bei ya chai na andazi haipo duniani. Kinachofanyika ni kuchukua kadi ndogo, kubadili taarifa zilizo ndani ya kidhibiti chake, ile chipu inayoiendesha, ili idanganye ukubwa wake, na kuchapa namba mpya juu. Simu inasoma TB 1, kompyuta inasoma TB 1, muuzaji anakuonyesha kwa macho yako. Unajaza nyimbo, hakuna kinachokataa. Zikivuka ukubwa wa kweli, nyimbo zinazofuata zinaandikwa hewani, au zinafuta za mwanzo. Majina yanabaki kwenye orodha, muziki haumo.

Kuna na ujanja wa kukuuzia kadi "yenye nyimbo tayari". Unaisikiliza dukani, inapiga, unaridhika. Bila shaka inapiga! Aliyeijaza alijua ukomo wake akaishia kabla. Changa la macho hilo, na ukilalamika wiki ijayo unaambiwa umeiunguza kwa chaja.

Pima mwenyewe siku hiyo hiyo. Kwenye Windows kuna programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote ni za bure, na zote zinaijaza kadi hadi mwisho kisha zinasoma tena kuhakiki kilichoandikwa. Inachukua muda, iache ifanye kazi yake. Ikikwambia kati ya GB 64 ni GB 7 tu zilizo hai, piga picha ya kioo, usifute kitu, rudi nayo pamoja na pakiti yake na risiti.

Kingine kinachonikera ni hizi GB 32 zenyewe. Rafu zimejaa 64 na 128, na ukiuliza 32 unatazamwa kama umetoka usingizini, au unaambiwa "ongeza kidogo tu uchukue kubwa". Ukigawa bei kwa GB, ndogo inatoka ghali kuliko kubwa, na muuzaji atakupigia hesabu hiyo hapo hapo kwa kikokotoo. Mwache apige, kisha mwombe aichomeke hiyo kubwa kwenye redio yako, pale pale, kabla hujatoa pesa.