Programu ya malipo iliyolala siku mbili: je, data yetu iliibwa?

Nina duka la vyakula Kisauni, Mombasa, na kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikipokea malipo kwa programu ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Kusema kweli ni programu nzuri. Makato yake madogo, ukizihamisha pesa huingia benki jioni hiyohiyo, na hesabu ya mauzo naiona bila kushika kalamu. Ndiyo maana nawapa nyota mbili, si moja.

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, duka limejaa watu wanaotoka kazini, mtambo ukazimika. Mbele yangu alisimama mama mmoja na unga pakiti moja na mafuta ya nusu lita. Simu yake inasema pesa zimetoka, yangu kiduara kinazunguka tu. Nikampa vitu vyake, nikaandika jina lake daftarini. Wengine walinitumia M-Pesa kwa nambari iliyopakwa rangi ukutani. Kufikia Jumapili usiku, waliokwama kama yule mama walikuwa wamenijazia kurasa nne.

Kuzimika ningekusamehe. Kilichonitia wasiwasi ni maneno yao. Ijumaa walisema "matengenezo ya kawaida". Matengenezo gani ya kawaida hayo, Ijumaa jioni? Jumamosi ikawa "hitilafu ya kiufundi". Jumapili wakasema wanashirikiana na "wataalamu wa usalama". Basi kundi letu la WhatsApp la wenye maduka likawaka: tumedukuliwa, kila mtu atoe chake!

Jumatatu nikapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya upole. Anajidai ni wa kampuni, ananitaja majina yangu yote matatu, anataka nambari ya siri "akaunti ifunguliwe". Nikakata. Nikasema haya, data imevuja kweli.

Jioni nikakaa nikafikiri. Kijana alipiga laini ile ya ukutani, ilhali akaunti ya programu nimeisajili kwa laini nyingine kabisa. Tena alinitaja na jina la babu, ambalo kwenye programu sikuliandika. Jina hilo huonekana kwenye simu ya mtu anaponitumia M-Pesa. Habari ya kuzimika mji mzima ulikuwa nayo. Huyo hakuhitaji kudukua chochote, alihitaji kupita mbele ya duka langu.

Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni mitambo, alinieleza hivi: "Mjomba, wahuni mia wakikuzibia mlango, wateja hawaingii, lakini droo ya pesa hawajaigusa." Akanikumbusha Julai 2023, eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, uliposhambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza kuwa ndilo lililofanya hivyo. Huduma zilikwama, na Eliud Owalo, waziri wa teknolojia wa wakati huo, akasema hakuna data iliyopotea. Na tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita. Kosa lilikuwa la wenyewe, walipokuwa wakirekebisha mitambo yao. Mwizi wa data hasa hupenda mtambo uendelee kufanya kazi ili achukue polepole. Ila wapo wanaofunga mafaili na kudai fidia, na hao mara nyingi huiba kwanza ndipo wafunge. Kwa hiyo swali letu halikuwa la kipuuzi.

Nikawaandikia kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika data ya watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue imevuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe. Niliuliza mambo mawili tu: kuna mtu aliingia? Na kama aliingia, mmempa Kamishna habari? Jibu lilikuja siku ya tatu: "Mteja wetu mpendwa, data yako iko salama." Nikauliza mara ya pili, wamejuaje?

Mimi naamini ilikuwa hitilafu yao tu, na walitafuta maneno ya kuifunika. Lakini naamini hivyo kwa sababu ya laini yangu ya ukutani, si kwa lolote waliloniambia. Programu bado naitumia, ila nimebadilisha nambari ya siri na salio halilali humo.

Pesa za mama wa unga ziliingia Jumatano saa nne asubuhi, nikalifuta jina lake. Barua yangu ya pili bado haijajibiwa.