Ndoana za duara namba 8/0 kwa kambare wakubwa wa mtoni: uzoefu wangu

Kwa kambare wa kilo 10 na kuendelea, kwenye mto wenye mkondo, hizi ndizo ndoana ninazofunga kwanza. Humnasa samaki pembeni mwa mdomo, mahali ambapo nyama ni ngumu na haichaniki, na ni nadra kumkuta ameimeza hadi tumboni. Ila mtu aliyezoea kushtua fimbo kila mshipi ukitikisika asizinunue. Atarudi akisema hazinasi, na kwa mikono yake kweli hazitanasa.

Sababu iko kwenye umbo. Ncha imekunjwa ndani, inatazama shina. Samaki akichukua chambo na kugeuka kwenda zake, ndoana huteleza mdomoni bila kuchoma kitu mpaka ifike kwenye pembe ya taya. Hapo shina hutangulia kutoka, ndoana nzima inazunguka, na ncha inaingia yenyewe. Ukishtua, unaichomoa kabla haijafika kwenye ile pembe. Kwa hiyo acha fimbo kwenye kishikilio, tena kishikilio kilichozama vizuri ardhini, maana kambare mkubwa huondoka na fimbo nzima. Atadona, atatikisa, usiguse. Fimbo ikipinda na kubaki imepinda, anza kuzungusha rili (gurudumu la kukunjia mshipi) taratibu, na ukishausikia uzito wake ndipo uinyanyue. Fimbo yenyewe iwe na ncha laini na kiuno kigumu. Iliyokakamaa yote humpa samaki taarifa mapema, naye hutema.

Kuhusu pakiti yenyewe: waya ni mnene, haunyooki hata samaki akijikita chini ya gogo. Ncha iko kwenye mstari mmoja na shina, haikupindishwa upande, na hilo nalipenda kwa sababu zilizopinda upande huchoma kooni mara nyingi zaidi. Kasoro yake ni tundu la kufungia mshipi. Baadhi ya ndoana zina mwanya mdogo pale waya unapokutana, na mshipi wa kusuka huingia humo ukakatika. Kagua kila moja kwa ukucha na uziweke kando zenye mwanya. Ujaribu pia ncha kwa ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Msasa mwembamba unatosha kuirudisha, usisage sana. Namba nazo zisikudanganye, kwani watengenezaji hawalingani na 8/0 ya mmoja inaweza kuwa sawa na 6/0 ya mwingine. Angalia upana wa mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina.

Huo mdomo ndio mahali ambapo watu wengi hupoteza samaki. Chambo kikiujaza, ndoana haina pa kuzungukia. Chambo kitungwe mara moja tu, pembeni, na ibaki nafasi ya upana wa kidole kidogo kati ya nyama na ncha, ncha ikiwa wazi kabisa. Ukitumia kipande cha samaki mwenye magamba, paa magamba mahali unapochoma. Gamba moja huvaa kwenye ncha kama kofia, wala hulioni mpaka umekosa samaki wawili watatu.

Chambo bora kwa ndoana hii ni samaki mbichi mwenye damu na mafuta, aliyekatwa siku hiyohiyo. Kambare ana vionja ladha mwili mzima, si kwenye sharubu peke yake, kwa hiyo anafuata damu na mafuta yanayoshuka na mkondo kabla hajaona chochote. Kata vipande vya sentimita 5 hadi 8. Mimi huchukua kichwa kwanza, pamoja na sehemu ya bega na matumbo yakining'inia: kichwa hakimomonyoki, samaki wadogo hawakimalizi haraka, na kwenye maji ya kasi hakizunguki. Mnofu mrefu huzunguka na kusokota nailoni, hasa ukiacha mkia. Mkia ukatwe. Badilisha chambo kila baada ya dakika 20 hadi 30 hata kama hakuna aliyekigusa. Nyama ikishakuwa nyeupe na kulegea, harufu imeisha na unachovulia ni mfupa tu.

Ini ni zuri kwa harufu lakini huchomoka wakati wa kurusha. Lifunge kwa kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, kisha uchome kwenye fundo la soksi, si katikati ya ini. Vyambo vya kukanda, vya unga na jibini, sivifungi kwenye ndoana hii kabisa, kwa sababu hufunika ncha. Hivyo vitafutie ndoana ya kawaida. Sabuni nayo ina watu wake: kule mto Zambezi na ziwa Kariba vundu, kambare mkubwa wa huko, huvuliwa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, na kwa kuwa sabuni ni ngumu, hukaa vizuri kwenye ndoana ya duara ukichoma ukingoni. Samaki hai ndiye chambo cha kambare mwenye kichwa bapa wa Marekani, asiyejali sana nyama iliyokufa. Mchome nyuma ya pezi la mgongoni kwenye maji tulivu, au midomoni kwenye mkondo, ila usome kanuni za mto husika kwanza. Kwingi chambo hai kimekatazwa.

Ndoana nzuri kwenye mpangilio mbovu haisaidii. Mshipi mkuu natumia wa kusuka, milimita 0.40, wa nguvu ya kilo 30 hadi 40. Wembamba wake hupunguza msukumo wa maji, kwa hiyo chubwi dogo linatosha kushika chini. Lakini usifunge ndoana moja kwa moja kwenye mshipi huo. Meno ya kambare ni madogo na mengi, yamejipanga kama ukanda wa kukwaruza, na mshipi wa kusuka huwa manyoya upesi. Mbele ya swiveli (kiungio kidogo cha chuma kinachozunguka) weka nailoni ya milimita 0.90, urefu wa sentimita 20 hadi 30 kwenye mkondo mkali, 50 kwenye maji yaliyotulia.

Chubwi litembee juu ya mshipi mkuu, kisha ushanga wa plastiki wa kulinda fundo, kisha swiveli. Chagua chubwi bapa, gramu 80 hadi 150, kwa kuwa la mviringo hubingirika na kukupeleka kwenye visiki. Lifunge kwa kiuzi dhaifu kuliko vingine vyote. Likinasa kwenye jiwe, kiuzi kinakatika na unabaki na ndoana na samaki. Chini pakiwa na majani au matope, tia kiboya kidogo kwenye nailoni, sentimita 8 kutoka kwenye ndoana, chambo kielee kidogo.

Fundo la ndoana ni la kuzungushia shina, mizunguko 7. Nailoni iingie kwenye tundu kutokea upande wa ncha, na itoke upande huohuo. Ukiipitisha kinyume, mvuto huizungusha ndoana upande usiofaa, na faida ya umbo lake inapotea. Kati ya makosa yote ya kufunga, hili ndilo lisiloonekana kwa macho, kwa sababu fundo linashika vizuri tu.

Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza: iachie kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 30 ni kama kilo 8. Ikilegea sana, samaki anaondoka bila ncha kuingia. Ikikaza sana, kitakatika kilicho dhaifu zaidi, na mara nyingi ni fundo.

Mahali pa kutupa: ukingo wa nje wa kona ya mto, mwisho wa shimo panapoanza kupanda, na pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyolala. Usiku, kambare hutoka shimoni na kuja kwenye kina kifupi.

Kuichomoa ndoana ni rahisi ukishajua. Shika shina kwa koleo na uizungushe irudi ilikoingilia, usiivute moja kwa moja. Kijino kilicho nyuma ya ncha ukikibana kwa koleo kabla ya kuvua, kazi inakuwa ya sekunde chache na sioni samaki wakipotea zaidi. Vaa glavu, shika taya la chini, na uchunge miiba ya mapezi ya kifuani na, kwa baadhi ya aina, ya mgongoni, hasa kwa samaki wa kilo 2 au 3 ambao miiba yao bado ni mikali kuliko ya wakubwa. Na kama hao ndio waliojaa kwenye mto wako, acha 8/0 na uchukue 5/0 za aina hiihii.