MikroTik hEX: miezi minane kazini

Nilifunga ruta tatu za hEX kwenye shule moja hapa Morogoro: ofisini, maktaba na chumba cha kompyuta, zikiunganishwa pembetatu. Ina poti tano za gigabiti na inaendesha OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta kuambiana njia na kuchagua nyingine zenyewe moja ikikatika, bila leseni ya ziada. Kwa hilo tu naipenda. Mtandao wa /24, yaani wenye anwani 256, niliugawa vipande vinne vya /26, anwani 62 za kupewa vifaa kila kimoja. Kipande cha nne nikakikata tena kuwa vipande vidogo vya /30, vyenye anwani mbilimbili za kuunganishia ruta zenyewe.

Mwezi wa tatu panya walitafuna kebo ya ofisi na maktaba. Ruta zikapeleka data kupitia chumba cha kompyuta, mhasibu akaendelea na risiti zake. Ningetumia njia za kuandika kwa mkono kwenye kila ruta badala ya OSPF, ningeamshwa usiku.

Haina Wi-Fi, kwa hiyo tenga hela ya akses pointi.