TAHADHARI: Kuna kaka anauza "kifurushi cha pingi" cha kuingiza posti Google, msimpe hela wala paswedi

Jamani wenye blogu, hasa nyie wa WordPress, ile programu ya kuendeshea blogu, kuna kaka anazunguka kwenye inbox za watu anauza kitu anakiita kifurushi cha pingi, yaani orodha ya anwani za huduma ambazo blogu yako inazigongea kuzitaarifu ukichapisha posti. Ameshanila hela na nusura aniulie blogu, na sio mimi peke yangu, maana dada yetu wa mapishi kanitumia skrini shoti ya tangazo lile lile neno kwa neno, tofauti ni bei tu. Ya kwake imepanda.

Hali niliyokuwa nayo wengi mnaijua, blogu yangu ni ya kuku. Posti ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, naandika kwa kuuliza mpaka mabwana mifugo, naichapisha, alafu mtu akitafuta Google anakuta blogu zilizonakili kwangu ziko juu na yangu haipo kabisa. Ndo akatokea yeye, tena kaletwa na mtu ninayemheshimu, ambaye na yeye nimegundua alikuwa ameahidiwa punguzo akileta mteja.

Alinipigia video ya WhatsApp, taratibu kabisa, mtu mpole. "Dada yangu, fungua laptop, ingia Settings, kisha Writing, shuka mpaka chini. Unaona nini?" Nikamwambia naona kisanduku kimeandikwa Update Services. "Ndani kuna anwani ngapi?" Moja, rpc.pingomatic.com. Akanyamaza kama daktari aliyeshika majibu ya kipimo, alafu akasema kwa sauti ya chini, "Moja tu? Dada, ndio maana Google haikujui. Wenzio wanaweka mia mbili." Hicho kimya chake mpaka leo nakisikia na damu inachemka.

Na kabla mtu hajaniuliza nilimwaminije, sikilizeni vizuri. Ukiacha hilo la Google, kila alichosema kabla ya kutaja hela kilikuwa kweli. Kisanduku kipo kweli. Kazi yake kweli ni kutuma taarifa, yaani ukichapisha posti WordPress inapeleka kijiujumbe kwa njia ya XML-RPC, lugha ya programu kuongea na programu nyingine mtandaoni, kwenye huduma zilizoandikwa pale, kwamba blogu fulani, anwani fulani, ina kitu kipya. Kijiujumbe hicho ndo pingi. Akanihadithia mambo hayo yalianzia Weblogs.com ya Dave Winer mwaka 1999, saiti iliyoonyesha blogu zenye kitu kipya, kwamba kampuni ya VeriSign wakaja kuinunua 2005, kwamba Ping-O-Matic, wenye ile anwani yangu moja, ilitengenezwa 2004 na Matt Mullenweg, huyu huyu wa WordPress, pamoja na Dougal Campbell. Mimi huku anaongea naangalia kwenye simu, yote yanalingana. Mtu anajua historia mpaka miaka, anajua dashibodi yangu kuliko mimi, ungemshuku kwa lipi?

Alafu akanionyesha maonyesho. Akashea skrini yake, akachapisha posti kwenye saiti yake, akafungua Ping-O-Matic akabandika anwani, zikatokea huduma moja moja kwamba zimepelekewa. Tukaongea kidogo habari za watoto, akasema sasa tazama, akaandika kichwa cha ile posti Google, ikaja ya kwanza. Nilishangilia kwa sauti, mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Sasa hivi ndo najua ule mchezo unachezwaje. Kichwa chenyewe alikiandika cha ajabu ajabu ambacho duniani hakuna mwingine anacho, na baada ya kichwa akaongeza na jina la saiti yake, kwaiyo ilikuwa lazima ije ya kwanza, na saiti yake inapitiwa na Google kila mara kwa sababu anajaza vitu humo kutwa nzima. Pingi haikuhusika hata chembe.

Nikamtumia shilingi 85,000 kwa simu. Akaomba paswedi ya admin, na hapo pia palikuwa na mantiki, si ndo fundi anayeenda kubandika hiyo orodha? Akaingia, akabandika, nikaona kisanduku kimejaa mistari mpaka unaskroli.

Kilichofuata ni blogu kuwa nzito. Hosti wangu, yaani kampuni inayoweka blogu yangu hewani, wakaniandikia natumia nguvu ya seva kupita kiasi. Nikimuuliza anajibu "hizo ndo pingi zinafanya kazi dada, vumilia". Kumbe kila nikirekebisha herufi moja kwenye posti ya zamani na kubonyeza Update, WordPress inazunguka orodha nzima upya kugonga milango, na milango mingi imekufa kwaiyo inasubiri kila mmoja mpaka ikate tamaa. Alafu akaja na hoja ya malipo ya kila mwezi, eti ya kulisha pingi zisilale. Nikakataa. Hakubishana hata, alisema tu "sawa dada".

Muda sio mrefu wasomaji wakaanza kupungua, posti hata zile za siku zote zilizokuwa zinaleta watu zikatoka Google. Nikampigia nikilia, akasema ni kwa sababu sijalipia, nilipie zitarudi. Jamani!

Kijana mmoja anayejua mambo haya ndo akaniokoa. Kitu cha kwanza alienda kule kule Writing, na kisanduku hakipo! Badala yake kuna sentensi inasema WordPress haitumi taarifa kwa huduma yoyote kwa sababu ya mpangilio wa kuonekana kwa saiti. Akahamia Settings, Reading, akakuta imetiwa tiki pale pa kuziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe saiti. Yule mtu aliingia usiku akatia tiki hiyo kwa mkono wake, alafu akakaa ananisubiri nimlipe aitoe. Kwenye orodha ya watumiaji kuna admin mwingine ameandikwa support, sio wangu. Na ndani ya posti zangu za zamani, zile za chanjo, kumejaa linki za kamari zilizofichwa kwa rangi ya karatasi. Posti za chanjo za vifaranga, watu wanazisoma kuokoa mifugo yao!

Na orodha yenyewe aliyoniuzia, kijana aliinakili mstari mmoja akautafuta, ikatokea nzima nzima bure mtandaoni, ya zamani hatari. Mle kuna Technorati, saiti ya kutafutia blogu, ambao waliachana na kuorodhesha blogu 2014. Kuna utafutaji wa blogu wa Google, ulishafungwa zamani. Kuna za Yahoo zilizokufa. Nyingine zimejirudia. Na ile Ping-O-Matic moja niliyokuwa nayo mwanzo kazi yake ndo hiyo hiyo, inapokea pingi yako moja inawasambazia wengine, ndo maana WordPress inakuja nayo peke yake. Hakikuwa kimepungua kitu.

Google ndo kabisa. Hata ile njia yao ya kupigiwa pingi kwa ajili ya saitimapu, ile orodha ya kurasa za saiti, walitangaza 2023 wanaizima na wakaizima. IndexNow ambayo wauzaji wengine wanaitaja, njia nyingine ya kutaarifu kuna kurasa mpya, ni ya injini za utafutaji za Bing na Yandex tangu 2021, Google hawaitumii. Ile Indexing API ya Google, njia ya programu kuwaomba waorodheshe kurasa, wao wenyewe wameandika ni ya matangazo ya kazi na video za mubashara, sio posti ya kuku. Ukitaka Google wajue posti yako unaingia Search Console, ukurasa wa Google wa wenye saiti, bure, unaweka anwani, unaomba iorodheshwe, unasubiri, na bado wanaweza kukataa. Hakuna binadamu anayeuza nafasi hiyo.

Kwaiyo mkiona mtu anaahidi Google kwa dakika, anataka paswedi ya admin badala ya kukuelekeza ubandike mwenyewe, anakwambia kuna malipo ya mwezi ya kitu ambacho ni maandishi tu kwenye kisanduku, huyo ndiye au ndugu yake. Na anabadilisha majina, picha ya profaili ya sasa ni ya mtoto mchanga. Waliokwisha kumpa paswedi nendeni sasa hivi Users mfute msiyemjua, badilisheni paswedi ya blogu na ya hosti, angalieni ile tiki ya Reading, kisanduku rudisheni ile anwani moja.

Mtu huyu simwachi. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, na yeye aliingia baada ya mimi kumkatalia waziwazi. Namba yake nimeituma 15040, kule kwa kuripoti namba za matapeli, polisi nimeandikisha maelezo, meseji zote na miamala ninayo. Afungwe. Arudishe hela ya kila mtu, afungwe, na laptop yake ichukuliwe, maana mwanamke mwenzangu aliyenunua bando kwa hela ya mayai hawezi kuliwa hivi na mtu anaendelea kupiga simu za "dada yangu". Askari aliniambia malalamiko yakiwa ya watu wengi yanakuwa na nguvu, kwaiyo yeyote aliyemtumia hela aniandikie, aje na uthibitisho wa muamala na skrini shoti ya lile tangazo, asifute mazungumzo hata kama yanamuumiza kuyaona, Jumatatu narudi kituoni nataka niende na majina.