Kuandika "mstaafu wa JWTZ" au kunyamaza

Afande mstaafu anayesaka kazi Tabora mjini ana njia mbili: aandike jeshi kwenye wasifu wake, au aonyeshe ufundi tu.

Ukiandika, kazi za ulinzi, stoo na udereva hufunguka upesi. Mkoa huu una kambi ya Msange JKT, kwa hiyo nidhamu ya kambini watu wa hapa hawahadithiwi. Tatizo ni lugha. "Sajenti, miaka 15" haimwambii kitu mnunuzi wa tumbaku. "Nilisimamia watu 10 na magari 4, hakikupotea hata kipuri" anaielewa palepale. Siri za kazi ziache kambini.

Ukinyamaza, unawakwepa wanaodhani kila mwanajeshi ni mkali na hapokei amri ya raia. (Wapo, hasa kwenye biashara za familia.) Lakini pengo la miaka 15 utalijaza na nini? Msaili atauliza tu, na jibu la kubabaisha linatia shaka kuliko gwanda.

Mimi ningeandika, ila mstari mmoja, chini ya ufundi. Majeraha ya kazini, kama yapo, ningeyataja pale tu kazi yenyewe inapoyagusa.