Persepolis si kitabu cha watoto, na muuzaji aache dharau

Aisee bado nina hasira. Juzijuzi niliingia duka la vitabu namtafutia shoga yangu riwaya ya michoro, yeye katuni anazozijua ni zile za gazetini tu, nikaulizia Persepolis ya Marjane Satrapi, ile anayosimulia alivyokulia Iran. Muuzaji anaitoa shelfu ya watoto! Anafunuafunua, anafika kwenye kile kiboksi cheusi tii, ananiambia "ona dada, hapa hata kuchora wamechoka, si ununue tu kitabu cha maana". Halafu anamgeukia mwenzake wanacheka.

Hicho kiboksi jamani! Ni vita ya Iran na Iraq, kombora limepiga nyumba ya jirani, binti anayesimulia anapita pale anaona bangili ya rafiki yake kwenye kifusi, anajifunika uso, kiboksi kinachofuata ni giza tupu. Hakuna damu, hakuna mtu anayepiga kelele. Mtu ambaye hajawahi kusoma katuni akifika hapo anaelewa mwenyewe kwa nini hadithi hii ilichorwa, huna haja ya kumhubiria. Na huyu kaka anasema wamechoka kuchora!

Eti watoto. Mle ndani kuna wafungwa wanasimulia mwenzao alivyochomwa kwa pasi, mnaiweka vipi karibu na vitabu vya kujifunzia herufi? Mmefungua hata ukurasa mmoja kweli?

Kwa anayeanza mimi nampa hii bila kusita, michoro ni nyeusi na nyeupe, mistari michache, viboksi vinafuatana vizuri kwahiyo hapotei asome kipi kwanza, na anayesimulia anaanza akiwa na miaka kumi, mapinduzi ya Iran ya 1979 yameshapita na shuleni wameanza kulazimishwa kuvaa hijabu, utundu wake unakuchekesha kabla mambo hayajawa mazito. Sema sehemu ya pili, akishapelekwa Austria peke yake, inapooza, na hapo wengi wanaweza kuiweka chini. Nilitaka kuipa nyota nne kwa ajili hiyo. Lakini hapana, ule upweke wa kule ndio unaofanya kurudi kwake nyumbani kuume vile, naipa tano, na nyingine ningeongeza kwa sababu ya yule kaka.

Niliinunua palepale maana ndiyo kopi pekee waliyokuwa nayo. Shoga yangu kashafika Austria, ananitumia meseji kila saa, na haijapooza hata kidogo kwake.