Darubini ya 8x42 kwa Wanaomsubiri Mbayuwayu Dodoma

Anayenunua darubini kwa ajili ya mbayuwayu asianze kwa kuuliza inakuza mara ngapi. Aulize kwanza inaonyesha eneo pana kiasi gani. Ndege huyu hatulii akatazamwa. Hupita chini kabisa kandokando ya ng'ombe wanaochungwa kwenye mbuga za Bahi, akiwanasa wadudu wanaoruka kutoka majanini, kisha hugeuka ghafla, na aliyekuwa akimfuata kwa lenzi hubaki akitazama anga tupu. Darubini ya 8x42 niliyoinunua mjini Dodoma, na kuitumia tangu kabla ya mvua hadi mbayuwayu walipoondoka, imenishawishi kwamba ukubwa huu ndio unaotufaa zaidi.

Namba ya kwanza ina maana kwamba kitu huonekana kikubwa mara 8, na ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele, yaani milimita 42. Darubini ya 10x42 huvuta karibu zaidi, lakini kwa kawaida eneo lake ni finyu, na kila mtikisiko wa mkono nao hukuzwa, jambo linalosumbua sana katika mji wenye upepo kama wetu. Zile ndogo za mfukoni, kwa mfano 8x25, ni nyepesi na zinatosha mchana, ila jua likishazama hupoteza mwanga haraka. Hilo ni pungufu kubwa kwa mtu anayekwenda Bwawa la Hombolo jioni, kwa sababu saa hiyo ndiyo mbayuwayu wanapokusanyika kutafuta malazi, na matete ni mahali wanapopapenda.

Uwazi wa picha ndio ulionifurahisha kuliko yote. Mbayuwayu wa Ulaya, anayelea makinda Ulaya na Asia na kuwa nasi kuanzia mwezi Septemba hivi hadi Aprili, ana paji na koo la rangi ya kutu na mkanda mweusi wa buluu kifuani, ilhali mbayuwayu mkia-waya, ambaye ni mwenyeji wa Afrika na hupenda kukaa karibu na maji na madaraja, ni mweupe tangu kooni hadi tumboni. Kwa macho matupu wote wawili ni kivuli kinachopita. Kwa darubini hii nimewatofautisha wakiwa angani, na wanapotua kwenye nyaya za umeme naweza hata kuwatambua vijana wa mwaka huo kwa koo lililopauka na mkia mfupi. Ndege hawa hubadilisha manyoya ya mabawa na ya mkia wakiwa huku Afrika, kwa hiyo anayewatazama kwa makini msimu mzima huona yale manyoya mawili ya pembeni mwa mkia yakiota upya na kurefuka kabla ya safari ya kurudi kaskazini. Kwangu mimi, hilo pekee linatosha kuhalalisha gharama.

Usitarajie, hata hivyo, kusoma pete ya utambulisho ambayo watafiti huwavisha ndege mguuni. Ndege aliyevalishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, na ndivyo ilivyothibitishwa kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika hadi huko. Lakini maandishi ya pete hizo ni madogo mno, na kwa kawaida husomwa ndege akiwa mkononi.

Kasoro zipo. Gurudumu la kurekebisha picha ni zito kiasi, na kwa ndege mwenye kasi hii, nusu sekunde ya kulizungusha ni nyingi. Vifuniko vya lenzi hulegea na kudondoka, na vumbi la kiangazi hujaa mara moja. Lipulize au lipanguse kwa brashi laini kwanza. Ukifuta kwa kanga au shati wakati mchanga bado upo, utaikwaruza lenzi. Mkanda wa shingoni ni mwembamba na huumiza baada ya saa moja, nami nimeubadilisha kwa mkanda mpana wa begi.

Muuzaji aliniruhusu kutoka nje ya duka na kuijaribu kwenye nyaya za barabarani, na nawasihi wanunuzi wadai nafasi hiyo kabla ya kulipa, hasa wanaovaa miwani, kwani si kila darubini huwaonyesha picha nzima. Msiielekeze kwenye jua hata kidogo, maana macho yataungua. Tena, kwa kuwa Dodoma ni makao makuu ya nchi, jiepusheni kuitumia karibu na kambi za jeshi na majengo ya serikali; mashamba, mabwawa na malisho yanatosha.

Kwa watoto wadogo siipendekezi. Vioo viwili vya kuchungulia havisogeleani vya kutosha kulingana na uso mwembamba, na uzito wake huwachosha mikono kabla ndege hajatokea.